Mkulima hewa huzaliwa kwenye kazi ya kikundi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa sita nafundisha uhasibu na ujasiriamali kwenye chuo cha biashara hapa Mtwara mjini. Msimu wa korosho uliopita kijana niliyemfundisha mwenyewe, mmoja wa waliokuwa wakiongoza darasa, alisimamishwa kazi kwenye AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, alikoajiriwa kama mhasibu. Tuhuma ni kuchezea uzito wa ghala na kuingiza majina ya wakulima wasiokuwepo. Baba yangu mdogo ni mwanachama wa chama hicho. Tulipokutana msibani akaniuliza mbele za watu: "Huyu si mwanafunzi wako? Mnawafundisha nini huko?" Nikakosa jibu. Wenzangu ofisini wanasema maadili ni kazi ya wazazi, shehe na padri, sisi tunafundisha vitabu vya hesabu. Wana haki? Na kama na mimi nahusika, nianzie wapi, maana mtaala wetu una mada moja tu ya maadili, nayo tunaifikia wiki ya mwisho kabla ya mtihani?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa fedheha ya msibani. Baba mdogo hakukuonea. Swali hilo na mimi niliwahi kuulizwa na mkaguzi mmoja wa vyama vya ushirika, nikiwa bado nafundisha, tena kwa maneno makali kuliko hayo. Nilimjibu kama wanavyojibu wenzako, kwamba kazi yangu ni debiti na krediti. Nilikosea, na nitakueleza nilikosea wapi.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu huyo kijana. Ametuhumiwa, hajahukumiwa. Usimtumie kama mfano darasani, hata kwa mafumbo, kwa sababu Mtwara ni ndogo na wanafunzi wako watamjua kabla hujamaliza sentensi. Na hata ikithibitika, mtu mzima anabeba mzigo wake. Mimi nitakujibu kuhusu kazi yako. Habari ya hatia tuwaachie wanaochunguza.

Wenzako watakuambia samaki mkunje angali mbichi, na hawa wanatufikia wameshakauka. Hoja hiyo ina sura ya kweli, ndiyo maana inadumu ofisini. Lakini jiulize kijana wa miaka ishirini kutoka Kitangari au Nanyamba amekauka katika jambo gani. Amekauka katika salamu, katika kuheshimu wakubwa, katika kuogopa kuiba kuku wa jirani. Huko jando na unyago vilishamaliza kazi, madrasa au kipaimara vikaongezea. Ila hajawahi kushika milioni arobaini za watu mia tatu. Hajawahi kuitwa pembeni na mwenyekiti wa bodi na kuombwa arudishe nyuma tarehe ya hati ya malipo. Mama yake hakumfundisha la kufanya siku hiyo, kwa sababu hati ya malipo yenyewe mama hajapata kuiona. Kwenye fedha za watu wengine, kijana huyu ni samaki wa leo asubuhi, na wa kwanza kumshika ni wewe.

Na utamkunja, upende usipende. Mwaka 1993 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, Robert Frank, Thomas Gilovich na Dennis Regan, walichapisha utafiti ambao nilikuwa nikiwasomea walimu wapya kila nilipopata nafasi. Waliwauliza wanafunzi maswali yale yale mwanzoni na mwishoni mwa muhula. Mwenye biashara ndogo ameletewa kompyuta kumi lakini ankara inasema tisa: je, atamwambia muuzaji? Wewe je, ungemwambia? Ukidondosha bahasha yenye dola 100 na jina lako, aliyeiokota ataileta? Wewe ukiokota ya mwenzako? Madarasa mawili yalikuwa ya uchumi na moja la elimu ya nyota. Kati ya walimu wa uchumi, mmoja alikuwa bingwa wa nadharia ya michezo, ile inayomchukulia kila mtu kuwa anatazama faida yake tu. Wa pili alikuwa mtaalamu wa maendeleo, aliyebobea katika China ya enzi za Mao. Somo lilikuwa moja, la uchumi wa mwanzo. Walioporomoka zaidi katika majibu ya uaminifu walikuwa wanafunzi wa yule wa kwanza.

Nisikufiche kwamba wapo waliobisha. Mwaka 1996 watafiti wengine wa Marekani walidondosha bahasha zenye pesa madarasani kweli kweli, na wanafunzi wa uchumi wakarudisha kuliko wenzao. Maneno na matendo yakaachana, kama ilivyo kawaida ya binadamu. Mimi sikuchukua kutoka Cornell kwamba uchumi unaharibu watu. Nilichukua hilo dogo la katikati, kwamba somo likiwa moja na walimu wawili, darasa hutoka na rangi mbili. Yule bingwa wa nadharia ya michezo sidhani kama aliwahi kusimama mbele akasema "jamani, msirudishe pesa za watu". Hakuhitaji. Mifano yake ilitosha.

Sasa tuje kwetu, kwenye hilo neno "tunafundisha vitabu vya hesabu tu". Chukua unyaufu. Kila aliyefanya kazi ghalani anajua korosho hupungua uzito kadiri inavyokauka. Upungufu huo ni halali. Chini ya jina lake, hata hivyo, yamepita mengi yasiyo halali, na kinachotenganisha hayo mawili ni hesabu ya shule ya msingi.

Tuseme AMCOS imepokea kilo 10,000, unyevu asilimia 12. Maana yake korosho kavu kabisa ni kilo 8,800, maji ni kilo 1,200. Zikifika ghala kuu unyevu umeshuka hadi asilimia 10. Zile kilo 8,800 hazijaenda popote, ila sasa ni asilimia 90 ya mzigo. Gawanya 8,800 kwa 0.90, unapata kilo 9,778 hivi. Unyaufu halali ni kilo 222. Daftari la ghala linasema zimepungua 600. Kilo 378 ziko wapi? Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa kilo, hizo ni shilingi 1,134,000.

Mwanafunzi wa kawaida ataishia hapo, nawe utampa alama zake. Ongeza kipengele kimoja tu: mzigo huu ulitoka kwa wakulima 42 waliopeleka sawasawa, kila mmoja amepungukiwa kiasi gani? Jibu ni shilingi 27,000. Waulize hiyo inanunua nini Januari, shule zinapofunguliwa. Wenyewe watakuambia: sare, madaftari, pengine na viatu kama unajua kupatana bei. Hujahubiri hata sentensi moja. Umefundisha uhasibu mpaka mwisho wake, mahali ambapo namba inamgusa mwenyewe.

Ukiitazama vizuri hesabu hiyo utaona kwa nini sikubaliani na ule mgawanyo wa wenzako, kwamba kuna ustadi upande huu na maadili upande ule. Mhasibu asiyejua kutenganisha unyaufu na wizi hawezi kuwa mwaminifu hata akitaka, maana hajui lini anadanganywa. Atasaini kila anacholetewa na karani wa mizani, kwa moyo safi kabisa. Miongozo ya taaluma yetu ina misingi mitano: uadilifu, kutopendelea, umahiri na uangalifu unaostahili, kutunza siri, na mwenendo wa kitaaluma. Wanafunzi huikariri yote mitano kwa ajili ya mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, kama wanavyokariri mito ya Tanzania. Sikumbuki mwanafunzi aliyewahi kuniuliza kwa nini umahiri umewekwa kwenye orodha ya maadili. Anzia hapo siku moja, utaona mjadala.

Upande wa pili wa jambo hilo ni mchungu zaidi. Baada ya kuacha kufundisha nilikagua vitabu vya vyama vya msingi kwa miaka kadhaa, Lindi na Mtwara, korosho na ufuta. Vitabu vilivyonisumbua kweli viliandikwa na watu waliofundishwa vizuri. Asiyejua kitu huiba kwa kuchana karatasi, unamkamata kabla ya chai. Aliyefundishwa huandika "unyaufu". Kwa hiyo ukiniambia kijana wako alikuwa anaongoza darasa, mimi sishangai. Labda alama zake ndizo zilizowafanya wamchague.

Na sasa kuhusu wakulima hewa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoamini sisi walimu tuna mkono wetu moja kwa moja.

Fikiria kazi ya kikundi. Unatoa zoezi kwa watu wanane. Wawili wanaifanya, usiku, kwa mwanga wa simu. Asubuhi karatasi inakuja na majina manane. Wewe unajua. Wao wanajua kwamba unajua. Unasahihisha, unatoa kumi na nane kwa ishirini, majina yote manane yanapata kumi na nane. Umewafundisha nini? Kwamba jina kwenye orodha linaweza kupokea malipo bila mwenye jina kuonekana. Ukitoka hapo nenda kwenye karatasi ya mahudhurio. Darasani wako thelathini, sahihi ziko hamsini na mbili, maana wamesainiana. Unaipeleka ofisini hivyo hivyo kwa sababu ni saa kumi jioni na umechoka. Miaka mitatu mfululizo kijana huyu anaona orodha za uongo zikipita mikononi mwa mtu mzima mwenye shahada, bila kelele. Akifika kwenye AMCOS, mwenyekiti akimwambia aongeze majina sita kwenye orodha ya malipo, atashtuka kwa lipi? Mkulima hewa hakuzaliwa ghalani. Alizaliwa kwenye kazi ya kikundi, na sisi ndio tulikuwa wakunga.

Dawa yake si kubwa. Kazi ya kikundi ikishakusanywa, chagua mtu mmoja kwa kura, aje mbele aeleze ukurasa wa tatu. Akishindwa, kikundi kizima kinapoteza alama tatu, na waliomwandika wanajua kwa nini. Wiki mbili za kwanza watakuchukia. Wiki ya nne wataanza kufutana majina wao wenyewe, na ukisikia wanagombana ukumbini kuhusu nani afutwe, usiingilie. Pale wanajifunza udhibiti wa ndani kuliko sura yoyote ya kitabu. Mahudhurio hesabu vichwa, linganisha na sahihi, andika tofauti ubaoni. Dakika mbili tu.

Kuna na ule mpango wa biashara wa somo la ujasiriamali, wenye "utafiti wa soko" wa madodoso mia moja ambayo yalijazwa bwenini na watu watatu. Tunaupa alama kwa unene wake. Afadhali ukurasa mmoja wenye bei tano za kweli kutoka kwa wachuuzi wa samaki pale feri, pamoja na aibu ya kufukuzwa na mmoja wao.

Nilikuahidi kukuambia nilikosea wapi. Nilipokuwa mwalimu kijana, kwenye chuo ambacho sitakitaja, nilipangiwa kuwatembelea wanafunzi waliokuwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, Nachingwea na Liwale. Ilikuwa masika, barabara ya enzi zile tope hadi magotini. Nilikaa Lindi mjini siku nne nikila pweza, nikajaza fomu za tathmini za wanafunzi sita kwa kukumbuka sura zao, nikasaini, nikachukua posho ya safari nzima. Nilijiambia ni mvua. Miezi miwili baadaye binti mmoja alikuja ofisini nimsainie daftari lake la kazi za kila siku. Lilikuwa limejazwa usiku mmoja, kalamu moja, mwandiko mmoja wa haraka kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nikamfokea. Hakujitetea, alinitazama tu. Nikakumbuka kwamba alikuwa mmoja wa wale sita. Nikachukua kalamu nikasaini.

Ule mtazamo wake nimeishi nao muda mrefu kuliko cheti chochote. Hakuna mada ya maadili ambayo ningeweza kumfundisha binti yule baada ya pale. Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, kabla ya mtaala tazama mkono wako mwenyewe: alama unatoaje, fildi unafika, desa, yaani notsi zako, unawauzia kwa nguvu, mtihani wa mwaka jana unarudishwa vile vile kwa sababu uvivu ni mtamu? Rushwa ya ngono nisiipambe kwa maneno mengi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeitaja kuwa kosa, na kama iko chuoni kwenu basi wanafunzi wote wanajua ofisi ipi, na kila mnachosema kuhusu uadilifu wanakicheka bwenini. Mwalimu msafi akimnyamazia mwenzake naye anafundisha.

Sasa ile mada ya wiki ya mwisho. Kosa lake kubwa, kuliko hata kuchelewa, ni kwamba inauliza swali ambalo wanafunzi wanalijua tayari. "Je, ni sahihi kuchezea mizani?" Nani asiyejua? Qurani ina sura nzima inayofunguka kwa kuwaonya wapunjao vipimo, na Mithali za Biblia hazikuuacha mzani wa udanganyifu. Kijana wako alilijua hilo tangu ana miaka saba. Hakukosa kujua lililo jema. Kama tuhuma ni za kweli, alikosa la kusema siku alipoitwa pembeni.

Mmarekani mmoja, Mary Gentile, aliyewahi kufanya kazi kwenye shule ya biashara ya Harvard, alijenga ufundishaji wake wote juu ya tofauti hiyo. Yeye haulizi darasa jambo lipi ni sahihi. Anasema: tuseme umeshaamua lililo sahihi, sasa utamwambia nani, lini, kwa maneno gani, naye akikujibu hivi utasemaje? Kisha wanafanya mazoezi kwa sauti, tena na tena, mpaka ulimi uzoee. Nilipomsoma mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu bibi yangu Mmwera angemwambia karibu nyumbani. Nyakanga na kungwi, wale wafunzi wa jando na unyago, hawatoi hotuba. Wanaimbisha, wanarudisha, wanakufanyisha kitendo mpaka mwili ukumbuke. Sisi tuliokwenda shule ndio tulioacha njia hiyo tukashika slaidi.

Fanya hivi, na usingoje wiki ya mwisho. Fanya wiki ya tatu, siku unapofundisha hati za malipo. Waweke watatu mbele: mwenyekiti wa bodi, mhasibu, na mkulima aliyekaa kwenye benchi nje akisubiri. Mwenyekiti mpe maneno ya kweli, yale tunayoyasikia: "Kijana, wewe umekuja juzi." "Hii ni ya msimu huu tu." "Hata wilayani wanajua." "Mke wako amejifungua juzi, sio? Utamlishaje?" Hilo la mwisho ndilo linalovunja watu. Mwache mhasibu ajibu.

Mara ya kwanza atafanya moja kati ya mawili: atamtukana mwenyekiti, na darasa litashangilia, au atakubali kwa aibu. Yote mawili hayafai. Kijana wa kwetu hawezi kumtukana mzee, na akifanya hivyo kijiji kizima kitakuwa upande wa mzee, hata wale walioibiwa. Hapo ndipo penye ugumu wenyewe, nami sijaona kitabu cha kigeni kinachouelewa: kijana wetu amelelewa vizuri, akafunzwa kutomkatalia mkubwa, na malezi hayo mema ndiyo yanayompeleka kusaini. Kwa hiyo anahitaji lugha ya kukataa ambayo haivunji heshima. Taaluma yetu inayo. "Mzee wangu, mimi nasaini kilichopimwa. Hizi kilo 378 nitaziandika kama tofauti isiyoelezeka, bodi ikae iijadili." Au hii, ambayo nimeona ikifanya kazi kuliko zote: "Sawa mwenyekiti, naomba agizo hilo kwa maandishi niliweke kwenye faili." Utashangaa ni wazee wangapi wanakumbuka ghafla kwamba wana kikao kingine.

Warudie mara tatu, nne, wakibadilishana nafasi. Na usimsahau yule aliye kwenye benchi. Nafasi hiyo mpe mwanafunzi mwenye maneno mengi, kisha mkataze kusema hata neno moja.

Katika mazoezi hayo litatokea mara moja au mbili lile la "mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake". Litasemwa kwa kicheko. Usilikemee, lichukue kwa uzito kama swali la hesabu. Mbuzi ni wa nani? Kamba kaifunga nani? Shamba analolila ni la nani? Kwenye AMCOS mwenye mbuzi, kamba na shamba ni mkulima yule yule. Nimewahi kuona darasa la watu themanini likinyamaza kwa swali hilo, halafu mmoja nyuma kabisa akasema, "Kwa hiyo mwalimu mbuzi achinjwe?" Tukacheka sote, na kipindi kikaendelea kwa saa nzima juu ya adhabu, ukaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, na mkutano mkuu wa wanachama.

Watakuuliza pia kuhusu siri za mwajiri. Waambie wazi kwamba msingi wa usiri si blanketi la kufunikia uvunjaji wa sheria. Tangu mwaka 2017 kanuni za kimataifa za wahasibu zina utaratibu wa nini kifanyike mhasibu anapokuta sheria imevunjwa, na hapa nyumbani tuna sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Usiwaambie kwamba sheria hiyo inaondoa hofu. Watajua unawadanganya.

Maana kuna mahali ambapo darasa haliwezi kufika, nami sitaki uondoke ukidhani kila kitu ni wewe. Mhasibu wa chama cha msingi mara nyingi ni kijana peke yake, mbali na mji, mshahara unaotegemea msimu, akiwa na watu wazima wanaoweza kumwondoa kwenye kikao kimoja. Wakati wa mnada pesa nyingi hupita mbele ya macho yake kwa wiki chache, kisha ukimya wa miezi. Wanunuzi wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya mfumo rasmi, nao wanamjua kwa jina. Kumwambia mtu huyo "kuwa mwadilifu" halafu ukamwacha ni sawa na kumpa mtu kasia bila mtumbwi.

Kuna kitu kimoja unachokiweza bila bajeti. Fungua kundi la simu la wahitimu wako wanaofanya kazi kwenye vyama vya msingi, Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa, popote. Sheria yake iwe moja: hakuna kutaja majina ya watu wala chama, taja tatizo. "Ghala limeniletea hati ya kupokea mzigo yenye uzito tofauti na wangu, nifanyeje?" Mmoja atajibu saa tano usiku kwa sababu lilimkuta mwaka jana. Nina kundi la namna hiyo, mimi mstaafu, lenye watu wasiozidi thelathini, na msimu ukifika simu hainipi usingizi. Aliyezoea kuuliza huko Oktoba, Desemba akiitwa pembeni anajua kuna watu wa kumsikiliza kabla hajashika kalamu.

Kijana wako naye, nenda ukamwone. Usiende kumhoji wala kumsafisha. Mpelekee hata sukari. Akikubali kuzungumza, muulize kitu kimoja: siku ya kwanza aliombwa nini, na aliyemwomba alitumia maneno gani. Maneno hayo yaandike. Ndiyo mtaala wako wa mwaka ujao, bila jina lake.

Na baba mdogo usimjibu kwa maneno. Mwalike chuoni, yeye na wenzake wawili, waje na risiti zao za AMCOS na taarifa za benki za misimu mitatu. Wape wanafunzi wa mwaka wa pili, wajumlishe kilo, watoe makato moja moja kwa kufuata mjengo wa bei wa kila msimu, yaani orodha ya makato yanayoruhusiwa, wamwambie kila mzee alistahili kulipwa kiasi gani na alilipwa kiasi gani. Wazee wakae mbele, darasa liwaamkie. Wakati wa maswali mwache aulize lile lile la msibani, awaulize wao. Ila mwite kabla ya Oktoba. Mnada ukishaanza hatakuwa na muda na wewe.